Bei Imepanda, Nataka Kutoka: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Intaneti na TV

Barua za safari hii kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia zina kilio kimoja: bei ya intaneti au ya televisheni imepandishwa, msomaji anataka kuondoka, na kampuni haimwachilii. Tumezifupisha barua na kuondoa majina ya kampuni, kwa sababu majibu yanafaa kwa kampuni yoyote. Jambo moja litarudi katika karibu kila jibu, nalo ni hili: kuacha kulipa si kufunga akaunti. Akaunti hufungwa kwa maandishi yenye tarehe, vifaa vikarudishwa, na barua ya kuonyesha hakuna deni ikatolewa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, miezi sita baadaye utaanza kupigiwa simu za madeni.

Nikitoka, ni lazima nilipe miezi yote iliyobaki?

*Niliwekewa fiba nyumbani miezi tisa iliyopita. Ajenti alinijia mlangoni, akasema kuunganishwa ni bure, nikatia sahihi kwa kidole kwenye tabuleti yake. Sasa nimepata meseji kwamba kifurushi changu cha shilingi 3,000 kitakuwa 3,450 kuanzia tarehe mosi. Nilipopiga simu kusema natoka, niliambiwa mkataba ni wa miezi 24 na lazima nilipe miezi 15 iliyobaki. Ni kweli? — Mpangaji, Migosi, Kisumu*

Ndugu, usitoe hata shilingi kabla hujauona mkataba wenyewe. Miezi 15 kwa bei mpya ni shilingi 51,750. Hizo ni pesa nyingi mno kudaiwa kwa maneno ya simu. Andikia kampuni baruapepe leo, uombe nakala ya mkataba uliotia sahihi pamoja na masharti yaliyokuwa yakitumika siku hiyo. Masharti yaliyo kwenye tovuti leo huenda yamebadilishwa tangu wakati huo.

Ukiipata nakala, soma vifungu vinne: kile cha muda wa mkataba, cha mabadiliko ya bei, cha kutoka mapema, na cha umiliki wa vifaa. Cha bei ndicho cha kuanza nacho. Kama kinasema kampuni inaweza kubadilisha bei kwa notisi ya siku 30, tazama tarehe ya meseji. Meseji ya tarehe 20 kuhusu bei ya tarehe mosi haijatimiza siku 30, na hapo ni kampuni iliyovunja kifungu chake yenyewe. Kama mkataba umetaja bei bila kusema popote kwamba inaweza kubadilishwa, hoja yako ni nzito zaidi: ulikubaliana 3,000 kwa miezi 24, na upande mmoja hauwezi kuandika upya makubaliano ya wawili. Na pale maneno ya mkataba yanaposomeka kwa njia mbili, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inataka yasomwe kwa manufaa ya mtumiaji.

Kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Kifungu cha 56 kinakataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ambayo hakumjulisha kabla ya kuitoza au kabla ya kumhudumia. Kifungu hicho hakizuii bei kupanda, kinazuia kukushtukiza. Kitumie kwa kadiri hiyo tu, usikibebeshe zaidi.

Sasa tuje kwenye ada ya kutoka mapema. Kampuni ikikuunganisha bure, kuna gharama imebeba: waya kutoka kwenye nguzo, ruta, na kazi ya fundi. Ni haki yake kuirudisha. Tuseme mkataba unaonyesha gharama hiyo ni shilingi 6,000. Ukizigawa kwa miezi 24 unapata 250 kwa mwezi, na kwa miezi 15 iliyobaki ni 3,750. Deni la namna hiyo lina mantiki, na ukitaka amani unaweza kulilipa ukaondoka. Lakini kudai ada nzima ya kila mwezi kwa huduma ambayo hutapewa ni jambo jingine. Mahakama zetu hutofautisha fidia ya hasara halisi na adhabu iliyowekwa kumtisha mtu asitoke, na hiyo ya pili hazina mazoea ya kuitekeleza. Kwa hiyo waulize kwa maandishi: hizo 51,750 zimehesabiwaje, na kampuni imepata hasara gani ya kiasi hicho?

Ulisaini mlangoni, na hilo lina uzito wake. Sheria hiyohiyo ya 2012 inampa mtu aliyeuziwa mlango kwa mlango siku kumi za kubadili nia bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu apokee nakala iliyoandikwa ya mkataba. Kama kidole kilipita kwenye tabuleti na hukutumiwa nakala yoyote, liseme hilo waziwazi kwenye barua yako, kwa maana siku zako kumi zina hoja ya kutetewa. Na kwa anayesoma hapa na ametembelewa na ajenti juzi tu: mwombe nakala leo, na kama umebadili nia andika kabla siku kumi hazijaisha.

Barua yako ya kupinga itume kabla ya tarehe mosi. Anayelipa bei mpya kimya kimya kwa miezi mitatu ataambiwa kwamba aliikubali kwa vitendo. Kama huwezi kukaa bila intaneti kwa sababu ya kazi au masomo ya watoto, lipa, lakini siku hiyohiyo tuma mstari mmoja: "Nimelipa 3,450 huku nikipinga ongezeko hili, na malalamiko yangu ya tarehe fulani hayajajibiwa."

Kabla ya kuondoka kabisa, omba kuunganishwa na kitengo kinachoshughulikia wateja wanaotaka kuhama. Mtu wa kwanza anayepokea simu mara nyingi hana mamlaka ya kukupunguzia chochote. Omba mojawapo ya haya: bei ya zamani hadi mwisho wa miezi 24, au kushushwa kifurushi bila ada. Kushuka si hasara kila mara. Netflix yenyewe inapendekeza kasi ya Mbps 5 kwa picha safi ya 1080p na 15 kwa ile safi zaidi ya 4K. Nyumba ya watu wanne yenye televisheni moja na simu chache mara nyingi inatosheka na kifurushi kilicho chini ya kile wanacholipia. Wakikubali, waambie waandike. Ahadi ya simu haipo.

Tahadhari nyingine: ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa watu wa Uingereza. Huko mdhibiti wao, Ofcom, ameweka haki ya kutoka bila adhabu mkataba unapobadilishwa katikati kwa namna isiyokuwa imekubaliwa, na tangu tarehe 17 Januari 2025 mikataba mipya lazima itaje ongezeko la bei kwa pauni na peni tangu mwanzo. Ni kanuni nzuri, lakini usiinukuu kwa kampuni ya hapa. Hapa anza na karatasi yako na sheria za Kenya.

Nimelipa kama kawaida lakini intaneti haijarudi

*Nilituma pesa kwa paybill ileile, kiasi kilekile. M-PESA imethibitisha. Ruta inawaka lakini hakuna intaneti. — Section 58, Nakuru*

Kwanza tazama taa za ruta. Taa iliyoandikwa PON ikiwaka bila kupepesa na ile ya LOS ikiwa imezima, mwanga unafika na waya ni mzima, kwa hiyo tatizo liko kwenye akaunti. LOS ikiwa nyekundu, waya umekatika, umekunjwa kupita kiasi au umechomoka, na hata ukilipa mara tatu intaneti haitarudi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kama ni akaunti, yaelekea umelipa bei ya zamani baada ya bei mpya kuanza. Ukipungukiwa hata na shilingi 50, mfumo hauwashi huduma. Pesa zako zinakaa kama salio. Usitume kiasi kizima tena. Angalia salio kwenye programu ya kampuni au kwa namba yao ya nyota, kisha uchague: uongeze kilichopungua, ushuke kifurushi ambacho salio linatosha, au uandike kuomba urudishiwe. Ukiongeza, uliza siku zako 30 zinaanza lini. Zinapaswa kuanza siku huduma ilipowaka, na siku ulizokaa gizani zisihesabiwe.

Kama ulikosea namba ya akaunti, sambaza meseji ya M-PESA kwenda 456 papo hapo na upigie kampuni wakati huohuo, maana pesa ya paybill imeshaingia mikononi mwao na watahitajika kukubali irudi.

Niliacha kulipia dikoda. Je, nadaiwa?

*Nilinunua dikoda ya setilaiti na sahani yake dukani mjini Kakamega. Bei ilipopanda niliacha. Sasa napigiwa simu kwamba akaunti yangu "iko nyuma". Nina watoto wanne na naogopa kupelekwa CRB. — Mama, Lurambi*

Mama, tulia kwanza. Televisheni ya kulipia hapa kwetu, kwa wateja wengi wa nyumbani, ni ya kulipa kabla. Mwezi ambao hukulipa hukuhudumiwa, na usipohudumiwa hakuna deni. Dikoda uliyoinunua ni yako. Wengi wanaopiga simu hizo wanatafuta kukurudisha, na maneno "iko nyuma" yanakutia wasiwasi bila kusema lolote.

Jibu lako liwe swali: deni ni shilingi ngapi, la mwezi gani, na kwa mkataba upi? Akishindwa kujibu, mwambie atume kwa maandishi na ukate simu. Ila kuna mambo matatu ambayo yangeweza kuleta deni la kweli, kwa hiyo jikague: je, dikoda ilichukuliwa kwa mkopo au kwa malipo ya polepole? Je, uliwahi kukubali bei nafuu kwa ahadi ya kulipa mwaka mzima? Je, kuna dikoda ya pili ya chumbani iliyounganishwa kwenye akaunti hiyohiyo kwa ada ya kila mwezi?

Kuhusu CRB, una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila ofisi ya taarifa za mikopo. Zilizo na leseni ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Iombe uone mwenyewe. Ukikuta jina la kampuni ambayo huna mkopo nayo, andikia ofisi hiyo upinge taarifa hiyo, nao watalazimika kuichunguza.

Halafu zima malipo ya kujiendesha. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kama uliwahi kuweka malipo ya kila mwezi kwenye M-PESA Ratiba, yataendelea kutoka kila tarehe ikifika hata kama dikoda imekaa kabatini. Fungua programu ya M-PESA au piga *334#, ingia kwenye Ratiba, tafuta jina la kampuni na uifute. Kama ni kadi ya benki, ondoa kadi kwenye akaunti yako ya kampuni na uiambie benki pia. Kufuta programu kwenye simu hakuzimi chochote.

Na usimuuzie jirani dikoda hiyo hivihivi. Kadi yake imesajiliwa kwa jina na namba yako ya simu. Ombeni kampuni ihamishe usajili, wewe na mnunuzi mkiwa pamoja, vinginevyo lolote atakalofanya nayo linabaki kwenye jina lako.

Tulitoa notisi kwa simu, ankara zinaendelea kuja

*Tuna duka la kuchapisha na intaneti Bungoma, tunaletewa ankara kila mwisho wa mwezi. Bei ilipopandishwa tulipiga simu na kusema tunasitisha. Wametutumia ankara tatu tangu hapo na wanasema hawana rekodi ya notisi. — Wenye duka, Bungoma*

Huduma ya biashara inayolipwa kwa ankara ni tofauti na ile ya nyumbani. Hapo huduma inakuja kwanza na pesa baadaye, kwa hiyo mita inaendelea hadi notisi ipokelewe. Mikataba mingi ya namna hii inataka notisi ya maandishi, mara nyingi ya siku 30, ipelekwe kwa anwani iliyotajwa. Simu haitoshi, hata kama mliongea na meneja.

Msiziache ankara hizo kimya. Pelekeni notisi leo, kisha pambaneni na hizo tatu. Ombeni kampuni itafute rekodi ya simu yenu ya siku ile. Wengi husema wanarekodi mazungumzo, na namba na saa ya simu mnazo kwenye historia ya simu yenu au ya kampuni yenu ya simu. Ombeni pia takwimu za matumizi kwa miezi hiyo mitatu. Kama laini haikupitisha data yoyote tangu siku mliyosema, hiyo ni hoja ya kupunguziwa, na pale palipo na rekodi ya simu kampuni nyingi hukubali kufuta sehemu.

Notisi iwe fupi, bila hasira, na iwe na tarehe. Mnaweza kutumia hii:

"Yahusu: notisi ya kusitisha huduma, akaunti namba ____. Tunasitisha huduma ya intaneti katika jengo la ____ kuanzia tarehe ____. Notisi hii inatolewa leo tarehe ____ kwa mujibu wa kifungu cha ____ cha mkataba. Sababu ni ongezeko la bei lililotangazwa tarehe ____, ambalo hatukulikubali. Tulitoa taarifa ya kwanza kwa simu tarehe ____ saa ____ kutoka namba ____. Tunaomba ndani ya siku saba mthibitishe kupokea notisi hii, mtutumie hesabu ya mwisho, mseme ruta yenye namba ____ itachukuliwa lini, na mtupe barua kwamba akaunti imefungwa bila deni. Hatutalipia kipindi chochote baada ya tarehe ya kusitisha."

Itumeni kwa baruapepe, mpeleke na nakala mbili kwa mkono kwenye ofisi yao iliyo karibu. Moja wabaki nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokea, wenye tarehe. Muhuri huo una nguvu kuliko simu kumi. Hesabuni siku 30 kuanzia siku ya muhuri, si siku mliyoandika.

Ajenti alichukua ruta, sasa kampuni inasema sikuirudisha

*Nilihama kutoka Lanet. Kijana mwenye fulana ya kampuni alikuja kuchukua ruta, nikampa. Wiki tatu baadaye natozwa bei ya ruta. — Lanet, Nakuru*

Fulana si kitambulisho, dada, na hili linatokea sana. Mtu anayekuja kuchukua kifaa lazima awe na namba ya kazi iliyotolewa na kampuni, na wewe uithibitishe kwa kupiga namba rasmi ya huduma kwa wateja kabla hujafungua mlango. Kwa sasa andikia kampuni ukitaja siku, saa, namba ya simu iliyokupigia kabla kijana hajafika, na kama kuna mlinzi aliyemwandika kwenye daftari la geti, piga picha ukurasa huo. Namba ya simu ndiyo ufunguo: kama ilitoka kwa mkandarasi wao, suala ni kati yao na mkandarasi.

Kwa wengine ambao bado hawajarudisha, fanyeni hivi. Pigeni picha stika iliyo chini ya ruta mkiwa na mwanga wa kutosha, ile namba inayoanza kwa S/N isomeke kila herufi. Pigeni picha nyingine ya ruta ikiwa imewaka, kuonyesha ilikuwa nzima. Kisha ingizeni ncha ya kalamu au pini kwenye tundu la Reset na kuishikilia kwa takriban sekunde kumi hadi taa zizime na kuwaka upya. Hilo hufuta jina na neno la siri la waifai yenu, ambalo huenda mnalitumia kwingine. Fanyeni hivyo siku ya kurudisha tu, kwa kuwa ruta iliyofutwa haitaunganisha tena bila fundi.

Rudisheni pamoja na adapta yake ya umeme. Adapta zinafanana kwa umbo lakini volti hutofautiana, na ukirudisha ya redio badala ya ile ya ruta, wataandika kifaa hakijakamilika. Soma maandishi: kama ruta inasema 12V, adapta iseme 12V. Rudisheni pia kipande kifupi cha waya wa fiba chenye kichwa cha kijani, ukiwa na kifuniko chake cha plastiki. Msikikunje kama waya wa umeme. Ndani kuna kioo chembamba, na kona kali hukivunja bila nje kuonyesha alama.

Waya unaotoka kwenye nguzo hadi ukutani uacheni. Wengine huukata kwa hasira au kwa sababu mwenye nyumba ameagiza, halafu wakatozwa. Chomoeni kichwa kwenye kisanduku cha ukutani, basi. Na msiondoke dukani bila risiti yenye namba ya S/N, tarehe, jina la aliyepokea na hali ya kifaa. Kama hawana fomu, andikeni wenyewe kwenye karatasi, mpokeaji atie sahihi.

Mwenye nyumba anaruhusu kampuni moja tu

*Ploti yetu Milimani, Nakuru ina fiba ya kampuni moja, nayo imepandisha bei. Keateka anafukuza mafundi wa wengine. — Wapangaji*

Jengo ni la mwenye nyumba, na kutoboa ukuta kunahitaji ruhusa yake. Mwandikieni kwa pamoja, wapangaji wote, mseme kampuni gani mnataka, waya utapita wapi na nani atagharimia ukarabati. Wenye nyumba wengi hukataa kwa sababu fundi wa mwisho aliwaachia kuta zenye mashimo, na ahadi ya maandishi hulegeza. Kama amefungwa na makubaliano ya kutoruhusu mwingine yeyote, Mamlaka ya Ushindani inaweza kuulizwa. Wakati mnasubiri, ruta ya laini ya simu ya 4G au 5G haihitaji waya. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza Kenya Julai 2023, inahitaji anga wazi juu yake, kwa hiyo baraza lililofunikwa na ghorofa ya juu halifai, na paani mtahitaji ruhusa ileile.

Nimeandika mara nyingi, hawajibu. Niende wapi?

*Nilifunga akaunti kwa baruapepe, wakathibitisha, kisha wakakata kadi yangu miezi miwili zaidi, jumla 8,400. Kila nikiwasiliana naambiwa "tunalifanyia kazi". — Busia*

Umeshika uthibitisho wa kufungwa, kwa hiyo kesi yako ni nyepesi. Kinachochelewesha watu wengi ni kurudi kwa mtu yuleyule wa simu. Panda ngazi.

Kwanza lalamika rasmi kwa kampuni, uandike neno "malalamiko" kwenye kichwa cha barua na uombe namba ya malalamiko. Kanuni za kulinda watumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010 zinawataka wenye leseni wawe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na namba hiyo ndiyo utakayoulizwa ngazi inayofuata. Wakati huohuo iambie benki kwamba makato hayo mawili hukuyaidhinisha, uwapelekee uthibitisho wa kufungwa. Fanya haraka, benki huweka muda wa kupinga makato ya kadi.

Wakinyamaza, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kupitia tovuti yao, ca.go.ke. Wana ofisi za kanda pia, zikiwemo Kisumu na Eldoret. Ambatisha namba ya malalamiko, uthibitisho wa kufungwa, taarifa ya benki inayoonyesha makato, na mistari mitano ya kueleza kwa mpangilio wa tarehe. Usiandike kurasa sita. Afisa anayesoma anataka kujua lini ulifunga, lini ulikatwa, na unataka nini.

Suala likiwa la kudanganywa kuhusu bei au ada ambayo hukujulishwa, Mamlaka ya Ushindani ndiyo yenye kifungu cha 56 tulichokitaja. Kama wanaendelea kukusumbua kwa meseji za matangazo baada ya kuondoka, hiyo ni kazi ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Na ukitaka pesa zako kwa amri, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Huhitaji wakili. Haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, kwa hiyo picha za meseji na baruapepe zinaweza kupokewa. Ziko Nakuru, Kisumu na Eldoret miongoni mwa miji mingine. Uliza kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu nawe ni Mahakama ya Madai Madogo ipi inayokuhudumia. Kabla ya kufungua, tuma barua ya madai ukiipa kampuni siku 14: taja 8,400, tarehe za makato, na namba ya kurudishia. Kampuni nyingi hulipa zikiona barua hiyo, kwa sababu kutuma wakili hadi kortini kwa 8,400 kunawagharimu zaidi. Wakikuambia mkataba unakuzuia kwenda kortini kwa kuwa una kifungu cha usuluhishi, waambie Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haikubali kifungu cha namna hiyo kimnyang'anye mtumiaji haki ya kushtaki.

Nikishafunga, nitatazama nini bure?

*Tumeamua kuacha TV ya kulipia kabisa. Tunataka habari na mpira wa stesheni za hapa nyumbani tu. — Manyatta, Kisumu*

Tangu mwaka 2015 matangazo ya nchi kavu hapa Kenya ni ya dijitali, na stesheni za bure hazina ada ya mwezi. Geuza televisheni utazame stika ya nyuma au mwongozo wake. Ikisema DVB-T2, huhitaji dikoda, antena tu. Ikisema DVB-T bila 2, au haisemi lolote, nunua dikoda ya stesheni za bure, na umwambie muuzaji waziwazi hutaki inayohitaji kadi. Sahani ya setilaiti uliyo nayo haitapokea mawimbi haya.

Antena iwe ya UHF na waya uwe wa RG6. Isiwe ndani chini ya mabati, kwa sababu mabati huzuia mawimbi, na antena ndogo ya mezani inayofanya kazi vizuri kwa jirani mwenye ghorofa haitafanya kwako. Ifunge kwenye mlingoti juu ya paa. Tazama antena za majirani zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama, uige vyote viwili. Dijitali haina chenga za zamani: picha huwa safi, kisha inakatika vipande vya mraba, kisha inapotea kabisa. Kwa hiyo usitegemee macho, fungua ukurasa wa nguvu na ubora wa mawimbi kwenye televisheni, mtu mmoja akiwa paani akigeuza kidogo kidogo na mwingine akisoma asilimia. Fuata ubora, si nguvu. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, kuongeza busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, kutakuza kelele pamoja na picha. Badala yake kagua viungio vya waya, hasa kile cha juu kinachoingia maji. Ubora ukifika pazuri, kaza nati, funika kiungio kwa tepu ya mpira, halafu uanzishe utafutaji wa stesheni upya tangu mwanzo, kwa sababu ule wa kwanza ulihifadhi zile chache tu zilizokuwa zikifika.